Wanakijiji wa Uingereza Waliochimbiwa Mahandaki

Katikati ya 1940 Ufaransa ilikuwa imeanguka, na jeshi la Uingereza lilikuwa limeacha silaha zake nyingi nzito katika bandari ya Dunkirk, Ufaransa. Wajerumani walitarajiwa kuvuka bahari wakati wowote. Ndipo Kanali Colin Gubbins alipopewa kazi ya kuandaa watu ambao wangebaki nyuma ya adui akishaingia. Vikosi vyao viliitwa Auxiliary Units, yaani vikosi vya usaidizi, jina ambalo halikudokeza chochote.

Waliochukuliwa walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba, walinzi wa wanyama wa mabwanyenye, na hata majangili waliozoea kuwakwepa walinzi hao hao. Kwa maoni yangu, hapa ndipo palipokuwa na akili kubwa ya mpango wote. Mtu wa namna hiyo hutembea gizani bila taa, na akionekana alfajiri na matope miguuni hakuna anayeshangaa. Kila kikosi kilikuwa na watu wachache tu, kwa kawaida wanne hadi wanane, nao hawakuambiwa kikosi jirani kimejificha wapi. Hata akikamatwa na kuteswa, mtu hawezi kutaja asichokijua.

Mafunzo yalifanyika Coleshill House, jumba kubwa la mashambani, lakini aliyeitwa hakuelekezwa huko moja kwa moja. Aliambiwa afike posta ya mji mdogo wa Highworth. Msimamizi wa posta hiyo, Mabel Stranks, alimhoji, akapiga simu, kisha gari likaja kumchukua.

Mahandaki yalijengwa msituni, mengi yakiwa ya mabati yaliyopindwa na kufukiwa. Mlango ulifunikwa udongo na majani, na upande wa pili palikuwa na njia ya kutorokea. Ndani kulikuwa na vitanda, jiko, baruti, na chakula cha wiki mbili hivi. Hawakutarajiwa kuishi muda mrefu zaidi ya huo. Kazi yao ingekuwa kumwacha adui apite, kisha kutoka usiku kulipua reli, maghala ya mafuta na ndege zilizoegeshwa.

Wake zao wengi hawakuambiwa kitu. Wanaume hawa walijificha nyuma ya sare za Home Guard, jeshi la mgambo, na wapo waliosemwa kijijini kuwa wanakwepa vita. Hawakuwa na ruhusa ya kujitetea.

Uvamizi haukuja. Vikosi vilivunjwa Novemba 1944, na shukrani waliyopata ilikuwa beji ndogo ya kubandika kwenye koti. Mwaka 2013 ndipo wakongwe wao waliruhusiwa kuandamana mbele ya Cenotaph, mnara wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, London, Siku ya Kumbukumbu.

Baadhi ya mahandaki yangali msituni, Kent na kwingineko. Ukikuta moja usiingie: mabati yameoza na paa linaweza kuporomoka. Ukiona chupa, bati au kopo la kutiliwa shaka usiliguse, waite polisi. Anayetaka kuona ndani lilivyokuwa aende Coleshill, ambako limejengwa la mfano.