Kori nane, RAM giga nane: -j ngapi?

Laptopu yangu, ya Linux, ina kori nane kwenye prosesa yake. Ukiiuliza kwa amri ya nproc inajibu 8, na miongozo mingi itakwambia, ukitaka kujenga programu kutoka kwenye kodi yake, basi andika make -j8: make ndiyo inayojenga, na -j ni idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja. Nikaandika, nikatoka kwenda barazani kwa jirani, hapa hapa Mkomani, kunywa kahawa. Kurudi, mausi haisogei, feni inalia, na mwisho wa skrini pameandikwa Killed, mbele yake cc1plus.

Kodi haikuwa na kosa. RAM ilikwisha, kernel, yaani kiini cha Linux, ikamtafuta mlaji mkubwa ikamuua. Huyo cc1plus ndiye anayekompaili C++, na faili moja lenye templeti nyingi laweza kula giga nzima, hata mbili. Zidisha kwa nane. Watu wa Gentoo, mmoja wa mifumo ya Linux, hupendekeza giga 2 za RAM kwa kila kazi, kwa hiyo mashine yangu ni ya -j4, au -j3 brauza ikiwa wazi. Kori ni punda, RAM ni upana wa kichochoro: ukiwasukuma punda wanane wa mchanga kwa pamoja, hata yule wa mbele hafiki.

Pa kuandika namba hiyo panategemea mfumo wako wa Linux. Arch ni MAKEFLAGS="-j4" ndani ya /etc/makepkg.conf, Gentoo ni MAKEOPTS ndani ya make.conf; Debian ni DEB_BUILD_OPTIONS=parallel=4. Ninja, mjenzi mwingine kama make, yeye hangoji kuambiwa, hujipangia kazi kwa kuhesabu kori, kwa hiyo mpe -j yake. Na -j tupu, bila namba, usiithubutu: maana yake ni kazi bila kikomo.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo lakini si RAM. Kule Matondoni, kijiji cha waunda majahazi hapa Lamu, hakuna fundi atakayetia kalafati kabla ubao haujapigwa misumari. Makefile ndiyo faili linaloiambia make kipi kitangulie kipi, na Makefile mbovu haikuutaja utaratibu kama huo. Fundi akiwa mmoja, kazi inakwenda kwa bahati. Wakiwa wanne, mmoja anafika na pamba yake na ubao haupo. Dalili yake ni kwamba leo inagoma, kesho inapita, nawe hujagusa kitu. Jaribu -j1. Ikipita kila mara, mshuku Makefile kwanza, mwandikie mwenye programu, na kwa sasa weka options=('!makeflags') kwenye PKGBUILD (faili la Arch la maelekezo ya kujenga kifurushi) ya kifurushi hicho peke yake. Mimi niliwahi kuishusha mashine nzima kuwa -j1 kwa ajili ya kifurushi kimoja, nikasahau, nikakaa miezi miwili nikilaumu joto la kaskazi.