Mfumo wa ujenzi hauhalalishi chaguo, unalihakiki

Juzi nimekutana tena na sentensi hii katika maelezo ya badiliko la msimbo: "Nimeongeza uhalalishaji wa machaguo ya lahaja za maktaba." Nimeshaiona mara nyingi, kwa maneno tofauti kidogo, na kila mara nanyamaza. Leo sinyamazi.

Maana yenyewe haina makuu. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoendeshwa, haiji peke yake, huja na maktaba zake. Kompaila ya GCC, kwa mfano, huja na libgcc na libstdc++. Maktaba hiyohiyo inaweza kujengwa kwa sura kadhaa: ya biti 32 na ya biti 64, ya kuunganishwa moja kwa moja ndani ya programu na ya kupakiwa programu inapoanza, ya kichakato chenye kitengo cha kukokotoa namba za desimali na ya kisicho nacho. Sura hizo ndizo lahaja. Si matoleo, tafadhali. Toleo huenda na wakati, la 13 likafuatwa na la 14. Lahaja zote ni za toleo moja na zimetoka kwenye msimbo chanzo mmoja, zimetofautiana kwa bendera za ujenzi tu, yaani maelekezo anayopewa kompaila. Anayejenga kompaila husema mwanzoni anataka zipi. Kuhakiki machaguo hayo ni mfumo wa ujenzi, yaani zana zinazosimamia kazi hiyo, kujiuliza, kabla faili la kwanza halijakompailiwa, kama lililoombwa linajulikana, kama yaliyoombwa yanapatana, na kama mashine iliyopo inayaweza. Basi.

Sasa turudi kwenye neno.

Kuhalalisha kumetoka kwenye halali, na halali imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufungua kilichofungwa. Ukiongeza -isha unapata kitendo cha kukifanya kitu kiwe halali, na mtu hahalalishi kilicho halali tayari. Anayehalalisha amekuta kitu kimezuiwa au kina shaka, akakifungulia njia. Hakiki ina ukoo mwingine kabisa. Ni ndugu wa haki na hakika, mzizi wa ukweli na wa kinachostahili. Anayehakiki hakibadilishi kitu. Anakitazama, anakipima, anasema kilivyo. Ndiyo maana mhakiki wa fasihi hatuandikii riwaya upya, anatuambia imesimama wapi na imeanguka wapi. Halafu yupo wa tatu, hakikisha, ambaye watu humchanganya na hakiki kwa sababu ya sura. Kuhakikisha ni kutoa ahadi kwamba jambo litakuwa. Vitenzi vitatu, kazi tatu, na katika mfumo wa ujenzi kila kimoja kingeandikwa kwa msimbo tofauti.

Chukua GCC kwenye x86-64, vichakato vya biti 64 vya Intel na AMD. Lahaja zake huombwa kwa --with-multilib-list, na thamani zinazokubalika ni tatu: m32, m64 na mx32. (Hiyo ya mwisho hutumia maagizo na rejista za biti 64 lakini anwani za biti 32. Wachache huihitaji.) Tuseme vidole vimeteleza ukaandika --with-multilib-list=m32,m46. Faili la config.gcc, skripti inayosoma machaguo, hupita kwenye orodha hiyo neno kwa neno. Likifika m46 halina pa kuliweka, linaandika kwamba halikubaliki, na linatoka. Kompaila yenyewe haijajengwa, umepoteza muda mfupi tu. Huko ndiko kuhakiki.

Kuhalalisha kungekuwaje hapo? Mfumo ungekutana na m46, ukadhani ulimaanisha m64, au ukaliruka kimya na kuendelea na m32 peke yake. Ujenzi ungemalizika vizuri tu. Ungekwenda zako na kompaila ambayo hukuiomba, na siku ya kugundua ungekuwa umeshasahau uliandika nini. Mtu mwingine ataita hili huruma kwa mtumiaji. Mimi naliita kumdanganya.

Tena usidhani GCC yenyewe haina lawama. Safari hii andika thamani sawasawa lakini ukosee jina: --with-multlib-list=m64, herufi moja imeanguka. Hakuna atakayekukemea. Autoconf, ambayo hutengeneza skripti za configure zinazoandaa ujenzi, kwa kawaida hutoa onyo tu kwa chaguo isilolijua, na mradi wenye miradi midogo ndani yake hunyamazishiwa hata onyo hilo. Sababu ina mantiki: skripti ya juu hupitisha machaguo kwa skripti za chini, na ya juu haiwezi kujua kama chaguo fulani lina mwenyewe huko chini. Kwa hiyo jina lako lililokosewa linashuka ngazi zote likitafuta mwenyewe, halimpati, na unajengewa lahaja za kawaida, m32 ikiwemo, ile uliyotaka kuiacha. Kwenye miradi isiyo na matawi ya namna hiyo, --enable-option-checking=fatal hugeuza onyo kuwa kosa, na mimi huiweka. CMake, mfumo mwingine wa ujenzi, nayo ina mtego wake. Unaweza kuipa kigezo orodha ya thamani kwa sifa ya STRINGS, na orodha ikaonekana vizuri kwenye dirisha la kuchagulia. Lakini orodha hiyo ni pendekezo, na anayeandika thamani nyingine kwenye mstari wa amri hazuiwi na kitu. Nimeona watu wakiandika mstari huo mmoja na kuamini wamehakiki.

Swali la pili, la kupatana, ni gumu zaidi kwa sababu kila chaguo likitazamwa peke yake halina kosa. Kwenye Arm, aina nyingine ya vichakato, ukiipa GCC orodha ya lahaja kama aprofile halafu ukaongeza --with-cpu au --with-fpu, za kuchagua kichakato na kitengo chake cha desimali, inakataa. Orodha imeshaamua mambo hayo, na huwezi kuyaamua mara mbili. LLVM, mradi mwingine wa kompaila, hukataa BUILD_SHARED_LIBS ikiwashwa pamoja na LLVM_LINK_LLVM_DYLIB, maana moja inataka kila maktaba isimame kivyake na nyingine inataka zote ziwe faili moja. libc++, maktaba ya C++ ya mradi huohuo, nayo husimama ukizima lahaja zote mbili, ya kuunganishwa ndani na ya kupakiwa baadaye. Umeomba maktaba isiyokuwepo. Hakuna hata moja kati ya haya ungeinasa kwa kukagua tahajia.

La tatu ni mashine. Zamani, mtu aliyejenga GCC kwenye x86-64 bila faili za ukuzaji za biti 32 aliachwa aendelee, kisha baadaye kabisa ujenzi ukaanguka ukilia kwamba gnu/stubs-32.h haipo. Wengi walikuwa hawajui hata kama wameomba biti 32, kwa sababu huwa zinakuja bila kuombwa. Siku hizi configure inajaribu mapema, na ikishindwa inakwambia uchague: kama faili unazo, rudia na --enable-multilib, na kama huna na biti 64 zinakutosha, rudia na --disable-multilib. Tazama adabu ya ujumbe huo. Umeona tatizo, umelitaja, umeonyesha njia mbili, na uamuzi umekuachia wewe. Kuzima m32 kimya kimya kungekuwa rahisi zaidi kuandika.

Na hakikisha? Yeye hamo humu. Machaguo yanaweza kupita maswali yote matatu na maktaba ikatoka mbovu, kazi hiyo ni ya majaribio. Hata gcc -print-multi-lib, inayoorodhesha lahaja (mstari wa "32;@m32" ndio wa biti 32), inakuonyesha kompaila iliambiwa nini. Faili lenyewe likiwa limefutwa kwenye diski, mstari huo utabaki palepale.

Sasa, ndugu uliyeandika "uhalalishaji". Nilifungua badiliko lako nikakuta mistari minne, wa mwisho ukisema kwamba thamani isiyojulikana igeuzwe kuwa ile ya kawaida. Kumbe ulichagua neno kwa usahihi kuliko nilivyodhani: msimbo wako unahalalisha kweli. Badilisha mstari huo wa mwisho utoe kosa na kutaja thamani zinazokubalika, halafu kwenye maelezo andika "uhakiki". Ukiona mstari ubaki, basi neno nalo liache lilivyo, lisomeke wazi kwa atakayekuja kuutafuta.