Sampuli ya DNA katika utafiti wa nasaba

Kwa wengi wetu DNA, yaani vinasaba, ni habari ya mahakamani na ya ustawi wa jamii: baba amekana mtoto, sampuli zimepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yanasubiriwa. Katika utafiti wa historia ya familia mambo hayanyooki hivyo. Sampuli hapa ni mate kidogo, au seli zilizopanguswa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba, ambazo maabara huzisoma ili zilinganishwe na za mtu mwingine. Msingi wa kazi nzima ni huko kulinganisha, kwa kuwa sampuli iliyo peke yake haimtaji babu, haitaji mji wala mwaka.

Kipimo huchaguliwa kwa kuangalia upande wa ukoo unaofuatiliwa. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba DNA ndani ya seli. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume karibu bila kubadilika, hivyo hufuata mstari wa baba, babu mzaa baba, na baba yake huyo babu. DNA ya mitokondria, yaani visehemu vidogo vya seli vinavyozalisha nishati, hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, ila ni mabinti tu wanaoirithisha. Njia hizi mbili hurudi nyuma mamia ya miaka, lakini ni nyembamba mno: kati ya watu wanane waliowazaa babu na bibi zako, ya kwanza inamgusa mmoja na ya pili mmoja.

Sita waliobaki hutafutwa katika jozi 22 za kromosomu nyingine, ambazo mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa wastani, mtu amebeba asilimia 25 ya kila babu au bibi, na asilimia 12.5 ya kila mmoja wa wale wanane. Kwa sababu urithi huo huchanganywa upya katika kila uzazi, hata ndugu wa tumbo moja hawapati vipande vilevile. Vitukuu wa mtu mmoja karibu daima hukutwa na vipande vya pamoja. Wakifika vilembwe, kadiri ya jozi moja ya jamaa katika kumi haionyeshi kipande chochote cha pamoja, ingawa undugu wao ni wa kweli. Kwa hiyo wazee, walio karibu zaidi na mababu hao, ndio wanaostahili kupimwa kwanza.

Mfano unaoeleza vizuri uwezo na mipaka ya sampuli ni wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake huko Monticello, Virginia. Tangu Jefferson akiwa hai ilisemwa kwamba alizaa naye, na mmoja wa wana wa Sally, Madison, alilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 1873. Wajukuu wa Jefferson walikanusha, wakawataja akina Carr, wana wa dada yake Jefferson. Ugumu ulikuwa kwamba Jefferson hakuacha mwana wa kiume kwa mkewe, hivyo Y yake haikuwa na mahali pa kuchukuliwa. Watafiti wakapanda ngazi moja: wakachukua damu ya wanaume waliotokana, baba kwa baba, na Field Jefferson, ndugu wa baba yake Thomas, wakailinganisha na ya mwanamume wa uzao wa Eston Hemings, mwana wa mwisho wa Sally, aliyezaliwa mwaka 1808. Matokeo yalitolewa mwaka 1998: Y ya Eston ilikuwa ya akina Jefferson, wala haikuwa ya akina Carr.

Hapo sampuli ilikuwa imemaliza kazi yake, na ni vyema kuona ilipokomea. Thomas alikuwa na mdogo wake, Randolph, mwenye Y ileile, na maabara haiwezi kuwatenganisha. Kilichomwelekea Thomas ni kumbukumbu zilizoandikwa, zinazoonyesha kwamba alikuwapo Monticello kila mara Sally aliposhika mimba. Mwaka 2000 taasisi inayoitunza nyumba hiyo ilikubali kwamba uwezekano ni mkubwa kuwa yeye ndiye baba.

Pwani yetu nayo ina utafiti wake, uliotolewa mwaka 2023, wa mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wa watu hao wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya urithi wao kutoka Afrika, hasa kupitia wanawake, na sehemu kubwa ya uliobaki kutoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulikuwa kumeanza ifikapo takriban mwaka 1000. Simulizi za asili ya Kishirazi, zilizowahi kubezwa na wasomi, zilipata nguvu kidogo. Hata hivyo, makaburi hayo hayawezi kuthibitisha nasaba ya familia yoyote ya leo.

Zile asilimia za asili zinazouzwa na kampuni za vipimo zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Ni makadirio yanayotokana na kumlinganisha mteja na watu wa leo waliomo katika hifadhi ya data ya kampuni, na Afrika Mashariki ina wachache humo, hivyo jina la eneo analopewa mteja laweza kubadilika hifadhi ikiongezwa.

Sampuli pia si mali ya mtu mmoja, kwa kuwa huwafichua na jamaa ambao hawakuulizwa. Ufaransa inakataza watu kujipima kwa ajili ya nasaba, na Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009. Anayemwomba shangazi yake mate anapaswa kumweleza mapema kwamba majibu yanaweza kuonyesha kuwa huyo shangazi na kaka yake hawakuchangia baba, na kumuuliza kama angependa kuambiwa.