Kukata springi si njia ya kushusha gari la zamani

Wengi huamini kwamba ukikata mzunguko mmoja wa springi, gari la zamani la familia litakaa chini na kupendeza barabarani. Litashuka, kweli. Lakini springi yenye mizunguko michache huwa ngumu zaidi, na shokapu (kifaa kinachotuliza mtikisiko wa springi) ya urefu ule ule wa awali hubaki na nafasi ndogo ya kucheza: kwenye kila shimo hugonga mwisho, hatimaye inavuja mafuta. Kuipasha springi moto ili ishuke ni hatari zaidi, maana chuma hulegea na gari huendelea kuzama. Nunua springi fupi pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Kisha zungusha usukani hadi mwisho, kila upande, uone kama tairi linagusa bodi. Alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) ifanywe upya, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.