Bangi na kifafa: maswali mnayotuuliza kituoni

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku Kadutu, Bukavu. Wagonjwa wa kifafa wanaturudia na majeraha ya moto, na tukiuliza vidonge viko wapi, jibu ni lile lile: "Tuliviacha, tunatumia bangi. Hata Wazungu wamekubali kwamba ni dawa." Maswali yenu nayajibu hapa.

Kifafa ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo. Umeme wa ubongo unavurugika ghafla na mtu anaanguka, anakakamaa, anatetemeka. Hakiambukizi. Povu la mgonjwa halikupi kifafa, kwa hiyo msimwache mtu aungue kwenye mbabula, jiko la makaa, kwa kuogopa kumshika.

Je, ni kweli bangi inatibu kifafa?

Mnachosikia kina chanzo cha kweli, lakini kinafika kwenu nusu. Bangi ina kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazojulikana zaidi. THC ndiyo inayolewesha. CBD hailewishi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, iliyotengenezwa kwa CBD iliyosafishwa, kwa aina mbili za kifafa kigumu cha utotoni. Aina ya tatu iliongezwa mwaka 2020. Mtoto hupimiwa dawa hiyo kwa bomba la sindano kulingana na kilo zake, na damu yake huchunguzwa ili kuangalia ini. Tena sikilizeni vizuri: wengi wa watoto hao huipewa juu ya vidonge vyao vya kawaida. Hawaachishwi vidonge ili waanze bangi.

Basi nikimchemshia mtoto wangu majani, si ni kitu kile kile?

Hapana, mama. CBD haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo sufuria yako haitoi dawa ile. Na bangi inayouzwa kwa kificho mitaani inapendwa na wavutaji kwa sababu inalewesha, maana yake ina THC. Mtoto wa kilo 15 anayetumia Epidiolex anaweza kuhitaji miligramu 150 za CBD kwa siku. Nani atakupimia hizo kwenye konzi ya majani? Unachompa mtoto ni ulevi. Atasinzia, na mtoto mdogo anaweza kuzimia kabisa na kupumua kwa shida.

Lakini mtoto wa jirani alipewa na hakuanguka tena.

Kifafa kina mapumziko yake. Mtu anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kuanguka, awe amekunywa majani au maji matupu. Ulizeni habari za mtoto huyo baada ya mwaka mmoja.

Naweza kuacha vidonge kwa muda nijaribu bangi?

Hapana. Hapana kabisa. Hata kwa wiki moja.

Wengi wenu mnameza fenobabitali, mnayoiita Gardenal. Ni dawa ya zamani, imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, bei yake ni ndogo, na inafanya kazi. Ubongo unaizoea. Ukiikata ghafla, kifafa kinarudi kwa hasira: mgonjwa anaanguka, anaanguka tena kabla hajazinduka, anaanguka tena. Hali hiyo inaua. Anayepona anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Halafu familia inasema amerogwa, wakati pakiti ya vidonge imelala juu ya kabati.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuimeza inavyotakiwa. Sabini! Kati ya hao wamo watoto wanaoweza kwenda shule, na mama anayeweza kupika sombe bila mtu wa kumlinda. Mnaiacha dawa hiyo kwa ajili ya majani ya kichochoroni.

Vidonge vinaweza kuachwa siku moja, ndiyo. Kwa kawaida daktari anaanza kufikiria hilo mgonjwa akiwa amekaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, kisha anapunguza kidogo kidogo kwa miezi. Uamuzi huo si wa shangazi, si wa mchungaji, wala si wa muuza majani.

Na nikitumia vyote viwili, vidonge na bangi?

Hapana. Fenobabitali inaleta usingizi, THC inaongeza usingizi mwingine juu yake. Hata CBD safi inagongana na baadhi ya dawa za kifafa, ndiyo maana wanaoitumia wanapimwa damu.

Mtoto ana homa kali na degedege. Je, nimfukizie moshi wa bangi kwanza?

Usifanye hivyo, nakusihi. Mtoto mwenye homa anayetetemeka anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Hayo ni magonjwa ya kuua kwa saa chache. Mlete saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, hata mvua ikinyesha. Tutampima malaria kwa tone la damu, na ikiwa ni malaria kali anahitaji sindano ya atesuneti.

Moshi unamlaza, nanyi mnafurahi kwamba ametulia. Asubuhi mnatuletea mtoto asiyeamka, nasi hatujui kama amelazwa na bangi au malaria imeshika ubongo. Tunapoteza muda tukitafuta, na usiku mzima wa matibabu umeshapita. Degedege likija na homa, usitafute moshi. Tafuta pikipiki.

Akianguka nyumbani nifanye nini?

Ondoa mbabula na vitu vikali, mlaze kwa ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu chochote, usimfunge. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali.

Kuna magonjwa mengine ambayo bangi inasaidia?

Machache, na kwa dawa za kiwandani. Dronabinoli, ambayo ni THC ya maabara, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wanaotibiwa saratani. Inapunguza kutapika, haiponyi saratani. Kwa pumu, moshi wowote ni adui. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse.

Rwanda wameruhusu, sisi kwa nini tukatazwe?

Mwaka 2021 Rwanda iliweka kanuni za kulima bangi ya kutengenezea dawa za kuuza nje, kwa leseni. Kuvuta huko bado ni kosa, na hapa Congo pia imekatazwa. Ukivuka mto Ruzizi, mpakani, na kifurushi mfukoni, usitegemee kusema ni cha mgonjwa.

Nimeacha vidonge tangu miezi mitatu. Mtanigombeza nikirudi?

Rudi, baba. Rudi leo. Usianze tena mwenyewe na dozi yako ya zamani, maana mwili umeshaisahau na inaweza kukulaza vibaya. Njoo na pakiti iliyobaki na mtu aliyekuona ukianguka, atueleze ilivyokuwa na mara ngapi. Kama kifafa chako ni kigumu, tutakuelekeza kwa wataalamu, kwa mfano Sosame, hospitali ya afya ya akili hapa Bukavu. Kama uliacha kwa sababu ya pesa, tuambie waziwazi, tutafute dawa unayoimudu. Na kama ulitumia bangi, sema ni lini na kiasi gani. Hatumwiti polisi. Tunauliza ili tujue tukuanzishie dozi ipi.