Saa ya Kuruka Inayofutwa Chuoni Hulipiwa Kikosini

Anayepanga mafunzo ya marubani wa kijeshi huulizwa mambo matatu na wakubwa wake: wahitimu watakuwa na uwezo gani, watapatikana lini, na kwa fedha kiasi gani. Katika kazi yangu ya kuandaa mitaala ya urubani nimeona kwamba swali la fedha ndilo hujibiwa vibaya zaidi, kwa kuwa hesabu hufungwa siku mwanafunzi anapovishwa beji ya mabawa, ilhali bado hajaweza kurusha ndege ya vita.

Mwaka 2018, Jeshi la Anga la Marekani, likiwa na upungufu mkubwa wa marubani, lilianzisha mjini Austin, Texas, mradi wa majaribio ulioitwa Pilot Training Next. Wanafunzi 20 walifundishwa kwa miwani ya uhalisia pepe pamoja na ndege za mafunzo za T-6, kila mmoja akisonga mbele kadiri alivyolimudu somo badala ya kufuata kalenda, na 13 kati yao walihitimu baada ya miezi sita hivi, takriban nusu ya muda wa kozi ya kawaida. Nauheshimu sana mpango huo. Mwanafunzi anaweza kurudia taratibu za kutua jioni nzima bila kuunguza mafuta, na ndege ikabaki kwa ajili ya yale ambayo miwani haiyafundishi: mwili unavyolemewa katika kona kali, na hofu, ambayo kwangu ni somo kamili.

Lakini mhitimu huyo akifika kwenye ndege ya vita ya F-16 akiwa hajui vizuri kuruka kwa mpangilio na wenzake, atafundishwa huko, ndani ya ndege ambayo saa yake moja ni ghali mara kadhaa kuliko ya T-6. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kwamba kumwandaa rubani mmoja wa F-16 hugharimu dola milioni 5.6, na wa F-22, ndege nyingine ya vita, milioni 10.9.

Uswisi ilishika njia nyingine. PC-21, ndege ya pangaboi inayoweza kuigiza rada na silaha kwenye skrini zake, humfundisha mwanafunzi mengi kiasi kwamba hutoka hapo moja kwa moja hadi ndege ya vita ya F/A-18. Somo limeshushwa kwenye ndege nafuu, halikufutwa.

Kwa hiyo ninapoletewa pendekezo la kupunguza saa za chuoni, kwanza huomba maandishi kutoka kikosi kitakachompokea mhitimu, yakieleza saa hizo zitafidiwa na nani, na kwa ndege ipi.