Kwa samaki klauni, mkubwa ni jike

Wanaovuka kwa boti kutoka Kunduchi kwenda kuogelea kwenye matumbawe ya kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam, wakiona samaki klauni wawili ndani ya anemoni (mnyama wa baharini mwenye minyiri, ambaye klauni huishi ndani yake), mmoja mkubwa na mwingine mdogo, wengi husema yule mkubwa na mkali ni dume anayemlinda mkewe. Sivyo. Mkubwa ndiye jike, na ndiye mwenye nyumba.

Kwa kawaida klauni haanzi kuzaa akiwa jike. Kabla ya kuwa jike, kila mmoja ana kiungo cha uzazi chenye sehemu ya kiume ya mbegu na sehemu ya kike ya mayai. Ndani ya anemoni kuna ngazi: jike, kisha dume wake, kisha wadogo wasiozaa. Jike huwabana walio chini yake kwa kuwafukuza na kuwatisha. Akifa au akivuliwa, dume hukosa wa kumbana: sehemu ya mbegu hunywea, ya mayai hukomaa, na baada ya wiki kadhaa au miezi huwa jike. Mdogo aliye mkubwa kuliko wenzake ndiye hupanda kuwa dume. Ajabu kwelikweli, na tena harudi kuwa dume. Mtafiti Hans Fricke na mwenzake walilieleza jambo hili mwaka 1977, wakimchunguza pia Amphiprion akallopisos, aina ya klauni anayeishi kwenye pwani yetu.

Dume ndiye mlezi: huyapepea mayai kwa mapezi na kuondoa yaliyokufa. Kwa hiyo anayevua yule mkubwa akidhani wengine wataendelea kuzaa, anasimamisha uzazi wa anemoni nzima hadi jike mpya akomae.